Usiseme Wanakuja

Jumatano ilikuwa siku ya nywele ndefu. Mama Pole alipanga mteja mmoja tu, kwa sababu rasta nyembamba hazitaki haraka, na kwa sababu Jumatano ndiyo siku aliyojitolea kukaa zamu ya simu. Sebule ndiyo ilikuwa saluni yake: kiti cha kuzunguka kilichogoma kuzunguka tangu mwaka juzi, kioo chenye ufa pembeni, na ndoo ya maji ya moto ya kuchovyea ncha. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Wateja walimpa, kwa kuwa kila alipovuta nywele alisema pole, mara nyingine kabla hata mtu hajaumia.

"Siku moja," alisema karani wa benki aliyekuwa kitini, "utakanyagwa, halafu umpe pole aliyekukanyaga."

"Si ndiyo adabu, dada."

"Adabu gani? Ukijifanya mkeka, usishangae watu wakifutia miguu."

Mama Pole akacheka chini chini, akachambua nywele nyingine. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umekwisha, umelala vizuri na kung'aa. Upande wa kulia ulisimama kama manyoya ya kuku aliyeona mwewe. Ndipo simu ya pili, ile nyeusi iliyokuwa kwenye rafu kati ya makopo ya mafuta, ikaanza kulia.

"Unaipokea?" karani akauliza kwenye kioo. "Na kichwa changu hiki?"

"Pole dada. Hii siwezi kuiacha."

Namba ilikuwa ndefu, ya simu ya setilaiti. Kwanza alisikia upepo, kisha injini ndogo ikikohoa, kisha sauti ya mwanamke.

"Haloo? Hii ndiyo namba ya msaada?"

"Ndiyo, nakusikia. Mpo baharini?"

"Tupo baharini. Boti ya mpira. Maji yanaingia, dada, yanaingia kwa chini. Kuna watoto."

"Nisomee namba zilizo kwenye kioo cha simu. Taratibu, moja moja."

Yule mwanamke akasoma. Mama Pole akaziandika kwenye pakiti tupu ya rasta, akamrudishia kwa sauti mpaka zikalingana.

"Msizime injini hata kidogo," akasema. "Ikizimwa, boti inageuka ubavu kwa mawimbi. Mtu asisimame. Mwenye kopo achote maji. Zima simu, chaji isiishe, unipigie tena baada ya nusu saa."

"Wanakuja?"

"Nawapigia wenye boti sasa hivi."

"Lakini wanakuja?"

"Nawapigia sasa hivi," Mama Pole alirudia, na simu ikakatika.

Hiyo ndiyo kanuni iliyokuwa ngumu kuliko zote. Watu wa kujitolea wa namba hiyo walikuwa wametawanyika, kila mmoja nyumbani kwake, wakigawana siku na saa. Hawakuwa na boti, hawakuwa na hata kasia. Kazi yao ilikuwa kusikiliza, kupata mahali watu walipo, kuwaamsha wenye boti, na kuwa mashahidi ili asitokee mtu wa kusema hakujua. Na siku ya kwanza ya mafunzo Mratibu wao aliwaambia: usiseme wanakuja. Kuna mtu aliwahi kusema hivyo kwa huruma, akiwa hana uhakika. Watu wakasimama wote upande mmoja kutazama anakotoka mwokozi, na boti ikawamwaga.

Akapiga simu kituo cha uokozi cha bandarini. Kituo kilikuwa karibu kiasi kwamba upepo ukivuma vizuri king'ora chake kilisikika mpaka hapo sebuleni.

"Kituo cha uokozi, habari za asubuhi," alijibu afisa wa zamu. Sauti ilikuwa ya upole, na mdomoni mlikuwa na kitu kinachotafunwa.

Mama Pole akaeleza yote, akasoma namba za kwenye pakiti. Upande wa pili ukatafuna, ukameza.

"Taarifa imepokelewa."

"Mnatuma boti, afande?"

"Boti yetu ni mbovu, mama. Injini imekufa tangu jana. Jaribu kituo cha ng'ambo."

Mkono wa Mama Pole ulisimama hewani. Jana usiku mume wake, fundi wa injini hapo hapo bandarini, alikula huku akiisifu boti hiyo kama mtu aliyeoa upya. Alikuwa ameifufua. Ilikuwa ikinguruma, alisema, kama simba aliyenyimwa nyama. Neno lilimfika kooni: lakini boti si nzima? Akalimeza. Angeulizwa amejuaje, na jibu lilikuwa linavaa ovaroli yenye nembo ya kituo mgongoni.

"Asante, afande," akasema. "Pole kwa usumbufu."

"Umempa pole!" karani akapiga paja. "Amekuambia hana boti, na wewe unampa pole!"

Kituo cha ng'ambo walisema hayo si maji yao. Akarudi kwa afisa, ambaye alisema hayo ni maji yao hasa, wasijitoe. Akapiga tena ng'ambo, wakamwambia atume barua pepe. Alikuwa akizunguka hivyo, simu shingoni na vidole kichwani mwa mteja, mpaka mstari wa rasta ukapinda.

"Lakini tuambiane ukweli," karani akasema. "Hao si wamejitakia? Mtu ana miguu miwili, anaiacha nchi kavu, anapanda mpira. Halafu mimi ndiye nikae hapa nusu kichwa."

Mama Pole alitamani kumwambia kwamba hakuna mama anayemweka mtoto kwenye mpira kama nyuma yake kuna sakafu ya kukanyaga. Alitamani kulisema hilo kwa sauti. Badala yake akasema, "Pole dada, nipe dakika tano," akachukua simu yake ya kawaida na kwenda uani kumpigia Mratibu. Nyuma yake alisikia kitambaa kikikung'utwa na karani akijifunga kichwa.

"Nusu kichwa silipi!" Mlango ukabamizwa.

Uani alimkuta mume wake ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, amevaa bukta na fulana. Ovaroli ilikuwa kwenye beseni, kavu bado. Hakuwa mtu wa kurudi mchana, sembuse asubuhi.

"Mbona mapema?"

"Hakuna kazi leo."

"Boti uliyoitengeneza jana, imekufa tena?"

Fundi akatazama vidole vya miguu yake. "Ndivyo walivyosema?"

"Ndivyo walivyoniambia mimi. Sasa hivi. Kuna watu majini."

Alifungua mdomo, akaufunga. Mama Pole alimjua kwa miaka yote ya ndoa, na alijua kimya cha uchovu na kimya cha hasira. Hiki hakuwahi kukiona. Kilikuwa kimya cha mtoto aliyevunja chungu, anayesubiri kuulizwa.

Lakini kabla hajauliza, alisikia sauti ya mama mkwe wake, aliyeishi nao, kutoka sebuleni, tamu na laini, ile aliyobembelezea wajukuu.

"Wanakuja, mwanangu. Usilie. Tulieni tu, wanakuja."

Mama Pole alikimbia. Kiatu kimoja kilibaki uani. Alipofika, mkwe wake alikuwa ameshaiweka simu nyeusi juu ya kiti cha saluni, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Amepiga binti, analia kweli kweli," alisema bibi. "Nimemtuliza."

"Umemwambia nini, mama?"

"Nimwambie nini zaidi? Ameniuliza wanakuja, nikamwambia wanakuja. Ulitaka nimwambie hawaji? Ungekuwa wewe huko ungetaka kusikia nini?"

"Mama, hakuna anayekuja!"

Alikuwa hajawahi kumpandishia sauti mkwe wake, hata siku ile bibi alipoosha nywele zake za kuuza kwa sabuni ya vyombo. Bibi akarudi nyuma hatua moja, mkono kifuani. Mama Pole akapiga namba ndefu. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Walikuwa wametii: wamezima simu ili kutunza chaji.

"Pole mama," akasema, lakini safari hii neno lilitoka kavu, akakaa chini na kumweleza kanuni, na kwa nini kanuni ile ipo. Bibi alisikiliza bila kupepesa. Mama Pole alipofika kwenye boti iliyomwaga watu, bibi alikaa kwenye kiti cha saluni.

Wakaisubiri simu. Ilipolia, Mama Pole aliweka sauti ya nje, akashika kalamu.

"Dada, tumefanya kama bibi alivyosema," ilisema sauti. Upepo ulikuwa mkubwa zaidi. Injini haikusikika. "Tumetulia. Tumezima injini tuwasubiri. Sasa inakataa kuwaka. Tunageuka geuka. Mwambie bibi hatuwaoni. Wanatokea upande gani?"

Bibi alijiziba mdomo kwa kanga yake.

"Shikaneni mikono," Mama Pole alisema. "Chukueni chochote chenye kamba, ndoo, mfuko mzito, mkitupe mbele ya boti kiburutwe majini. Kitawasaidia msigeuke ubavu. Endeleeni kuchota. Nisomee namba mpya."

Akaandika. Namba zilikuwa zimesogea, mbali na nchi kavu. Akampigia afisa tena, akazisoma. Afisa akasema taarifa imepokelewa, na kwamba mama asipige piga kila mara, laini ya dharura ni ya dharura.

Mama Pole aliitazama simu kana kwamba imemtemea mate.

Nyuma yake bibi alikuwa ameinuka. Mtu mwenye jambo moyoni hutafuta kazi ya mikono, na kazi ya mikono ya bibi ilikuwa kufua. Alikwenda uani, akainama kwenye beseni, akaanza kukagua mifuko ya ovaroli kama alivyofanya tangu mwanawe akiwa mwanafunzi mwenye gololi mfukoni. Akatoa kitambaa cha grisi. Akatoa kitu kingine, cha ukubwa wa kidole gumba, chenye miguu miwili ya shaba.

"Hii nini?"

Fundi akatazama ukuta.

"Nimekuuliza. Ni ya kazini au nitupe?"

"Usitupe, mama!" Alinyanyuka haraka mpaka ndoo ikabingirika. Mama Pole alikuwa amesimama mlangoni. Aliitazama sura ya mumewe, akatazama kile kitu, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Hiyo ni ya boti," alisema.

"Fyuzi kuu," fundi akasema. Sauti ilikuwa inatoka tumboni. "Bila hiyo haiwaki. Mkuu wa kituo aliniita asubuhi. Akasema bahari imetulia, wiki hii watu watakuwa wengi, na yeye hataki kuwashusha wote hapa bandarini kwake. Akasema, itoe fyuzi, boti iandikwe mbovu mpaka Jumatatu. Nikamuuliza, mkuu, wakipiga simu? Akaniambia wewe ni fundi, si mshauri."

"Ukaitoa."

"Ningefanya nini? Kodi ya nyumba hii inatoka wapi? Dawa za presha za mama zinatoka wapi? Kwenye rasta?" Aliona neno hilo likimpata mkewe, na hakuweza tena kulirudisha. "Nikarudi nyumbani. Sikuweza kukaa pale niitazame."

"Na kule sebuleni umesikia simu ikilia," Mama Pole akasema. "Ukakaa kwenye ndoo."

"Wewe mwenyewe umempigia afisa mara ngapi? Ulijua boti ni nzima, nilikuambia jana hapa hapa. Mbona hukusema?"

Hilo nalo lilifika. Walibaki wakitazamana, mke na mume, kila mmoja ameshikilia mwisho wake wa aibu ile ile.

Ni bibi aliyesogea kati yao. Alikuwa bado ameishika fyuzi, na povu lilikuwa halijagusa mkono wake.

"Mimi sijui injini," alisema. "Sijui sheria za maji wala hayo maji ni ya nani. Ninachojua, nimemwambia mtoto wa watu wanakuja, naye akaniamini, akazima kitu chake akakaa kunisubiri. Umri huu mnataka nife mwongo?"

"Mama, kazi..."

"Kazi nimeisikia. Dawa pia nimezisikia. Nitazimezaje, unieleze wewe mwanangu, nitazimezaje?" Akamwekea fyuzi kiganjani na kuvifunga vidole vyake kimoja kimoja. "Nimeshasema wanakuja. Haya, nenda ukanifanye mkweli."

Bila kuvaa ovaroli, fundi akaingia sebuleni na bukta yake, akamwambia mkewe, "Mpigie afisa. Weka sauti ya nje."

Simu za zamu zote zilirekodiwa. Yeye alilijua hilo, mkewe alilijua, na afisa pia alilijua.

"Kituo cha uokozi..."

"Ni mimi tena, afande," alisema Mama Pole. "Boti inazama. Injini yao imezimika."

"Mama, nimeshakueleza, boti yetu..."

"Boti yenu ni nzima."

Alishangaa kusikia ni sauti yake. Ilikuwa tulivu kabisa. Upande wa pili ukaacha kutafuna.

"Nani kakwambia?"

"Mimi," akasema fundi, akiinama karibu na simu. "Ni fundi wenu. Boti haijafa, afande. Mliniamuru niizime, nikatoa fyuzi, ninayo hapa mkononi. Nakuja nayo sasa hivi, na simu hii inarekodiwa. Nikifika geti liwe wazi na mafuta yawe ndani. Mkuu akitaka kunifukuza, anifukuze nikiwa nimeshairudisha."

Afisa, kwa sauti ndogo isiyo ya kikazi, akasema, "Njoo haraka."

Fundi alitoka mbio akiwa na ndala. Watu wa mtaa waliona mtu mzima anakimbia na bukta, mmoja akapiga kelele, "Fundi, umefumaniwa?" Hakugeuka.

Sebuleni mlibaki wanawake wawili na simu tatu: mbili za Mama Pole, na ya bibi ya vibonye, ambayo bibi naye aliitoa na kuiweka rafuni pamoja na nyingine, kana kwamba kwa kuwa nyingi zingesaidia. Mama Pole alimwandikia Mratibu kila kitu, na Mratibu akaanza kukibana kituo kutoka kwake, akitaka uthibitisho. Nywele za karani zilikuwa bado sakafuni. Hakuna aliyezifagia. Mama Pole alijikuta akihesabu makosa yote ya adabu yake: kila asante aliyompa mtu aliyemfungia mlango, kila pole aliyoitumia kama pazia la kujifichia. Alikuwa akiiona kuwa wema. Leo aliona ni mara ngapi ilikuwa woga uliovaa nguo safi.

Kwanza walisikia king'ora. Kisha, kwa mbali, mngurumo mzito ukapanda, ukatulia, ukaanza kusogea kuelekea nje ya bandari. Bibi akaweka mkono sikioni.

"Ndiyo hiyo?"

"Sijui, mama. Ngoja."

Ujumbe wa Mratibu uliingia: Kituo kimethibitisha. Boti imetoka na namba zako za mwisho.

Dakika hiyo hiyo simu nyeusi ikalia. Mama Pole alitaka kwenda nayo uani, bibi akamshika mkono. "Hapa hapa. Na mimi nisikie."

"Dada?" Sauti ilikuwa imekauka. Watoto walikuwa wakilia nyuma yake, na mtu alikuwa akikwangua sakafu kwa kopo. "Bado tunachota. Tulitupa ndoo kama ulivyosema. Lakini kuna mwanaume... kuna meli kubwa ilipita mbali. Akasema ndiyo hiyo ya bibi. Akajitosa aifuate. Tulimwita. Hatumwoni tena."

Bibi hakulia. Alikaa wima kitini mbele ya kioo chenye ufa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekabidhiwa mzigo na kuambiwa ni wako mpaka mwisho.

"Dada, niambie ukweli," ilisema sauti. "Yule bibi alisema wanakuja. Walikuwa wanakuja kweli?"

Kanuni ilikuwa na jibu lake. Tumewapa wahusika taarifa zenu. Mama Pole alilisikia likijipanga ulimini, safi, lenye adabu, lisilomgusa mtu. Akaangalia mkono wa mkwe wake uliokuwa umeng'ang'ania mkono wa kiti.

"Hapana," akasema. "Walikuwa hawaji. Boti walikuwa nayo, nzima, imefungwa kamba bandarini. Walikuwa wamekaa wanatafuna. Bibi hakukosea, dada. Bibi alisema kile ambacho kilitakiwa kiwe kweli tangu ulipopiga mara ya kwanza. Yule ndugu yenu hakuuliwa na bibi. Aliuliwa na watu walioiandika boti mbovu, na mimi niliyejua si mbovu nikawaambia asante."

Upepo ulipiga kwenye simu. Akasubiri mpaka akawa na hakika anasikilizwa.

"Sasa wanakuja. Hilo nakwambia mimi, nimeisikia injini kwa masikio yangu. Mtu asisimame mpaka wawaguse. Wakiwapa mkono, ushike. Wakiwapa maji, kunyweni. Lakini waambie wenzako wote, na watoto pia waambie: asante wasiwape."